Data Wazi Katika Nchi za Asia

Takwimu za serikali huitwa data wazi pale ambapo mtu yeyote aweza kuzipata, kuzitumia na kuzisambaza apendavyo, na ambapo kompyuta yaweza kuzisoma bila mtu kunakili tarakimu moja moja. Sharti hili la pili husahauliwa mara nyingi. Jedwali lililopigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti limetangazwa, lakini halijafunguliwa.

Nchi kadhaa za Asia zimekwisha kushika njia hii. India ilitoa sera yake mwaka 2012, na Korea Kusini ikatunga sheria mwaka 2013. Kwa Indonesia shida kubwa ilikuwa ni hesabu zenyewe, kwani ofisi mbalimbali zilitoa takwimu zisizopatana juu ya jambo moja. Mwaka 2018 idara ya takwimu ilikadiria upya eneo la mpunga kwa njia ya sampuli za mashamba, ikadhihirika kwamba mavuno yalikuwa yakikuzwa mno. Katika nchi ambayo wali ndio chakula kikuu, kosa kama hilo si dogo: kwa hesabu hizo huamuliwa kama mchele uagizwe kutoka nje au la. Kanuni ya Rais Na. 39 ya mwaka 2019 iliziagiza ofisi zote zifuate viwango vya aina moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Taiwan. Tarehe 6 Februari 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa ukienea, barakoa zilianza kuuzwa kwa mgao: mbili kwa kila mtu kwa siku saba, kwa kuonyesha kadi ya bima ya afya. Serikali ilifungua hesabu za akiba ya maduka ya dawa zaidi ya 6,000, na mara wataalamu wa kujitolea wakatengeneza ramani za kuonyesha duka lenye barakoa.

Hata hivyo, wauza dawa wengine waligawa vikaratasi vya namba asubuhi ili wateja warudi baadaye. Ramani ikaendelea kuonyesha akiba iliyokwisha kuahidiwa, na watu wakafika wakaambiwa hakuna. Kwa kuwa hesabu zilikuwa mbele ya macho ya wote, kasoro hiyo ilijulikana upesi. Mfumo ukarekebishwa, muuzaji akaweza kuliondoa duka lake katika ramani mara vikaratasi vilipokwisha.