Azimio la Kazi la Mwalimu Mwenyewe: Kupanga Masomo ya Hisabati Hadi Shahada ya Uzamili

Utangulizi

Kila mwanachuo wa ualimu hufundishwa kuandika azimio la kazi. Huligawa somo katika mada na mada ndogo, huhesabu vipindi, hutaja zana na vitabu, na mwishoni huacha nafasi ya tathmini na maoni. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kuandika azimio la kazi kwa ajili ya masomo yao wenyewe. Tunawapangia watoto mwaka mzima, nasi twaendelea na elimu yetu kwa bahati nasibu.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kupanga masomo yake ya hisabati kwa shabaha ya mbali, yaani shahada ya uzamili. Pengine msomaji atauliza: mwenye kusomea cheti ana haja gani na habari za uzamili? Jibu letu ni kwamba ngazi hupandwa kwa kujua inaelekea wapi. Tena, kama tutakavyoona, misingi ya masomo hayo ya juu imo katika yale tunayofundisha darasa la tatu hadi la saba. Kwa hiyo hata yule asiyekusudia kufika huko atafaidika kwa kuiona njia.

Kisa cha Desimali Isiyokwisha

Mmoja wetu alifundisha hisabati katika shule ya msingi kwa miaka kadhaa kabla ya kujiendeleza. Siku moja alikuwa akibadili sehemu kuwa desimali. Aligawa 1 kwa 3 ubaoni, akapata 0.333, kisha akaweka vitone. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, hizo tatu zinaishia wapi?" Mwalimu akajibu kwamba haziishi, na kwamba swali hilo halimo katika mtihani. Darasa likacheka, mtoto akaketi. Hakuuliza swali jingine muhula ule.

Baada ya miaka mingi mwalimu huyo alipata shahada ya kwanza kwa alama nzuri, akaingia masomo ya uzamili. Juma la kwanza wanafunzi walitakiwa kueleza, kwa maneno yao wenyewe na kwa uthibitisho, maana ya kusema kwamba mfululizo wa namba una kikomo. Mwenzetu alikariri kanuni vizuri, lakini alipoulizwa maana yake hakuweza kusema neno. Lilikuwa swali lile lile la yule mtoto, nalo lilikuwa limemngojea. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: ilimbidi arudi kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza, akapoteza mihula miwili.

Tuangalie jibu ambalo angeweza kumpa mtoto. Tofauti kati ya 1/3 na 0.3 ni 1/30. Tofauti kati ya 1/3 na 0.33 ni 1/300. Tofauti kati ya 1/3 na 0.333 ni 1/3000. Kila tunapoongeza tarakimu moja, pengo lililobaki hugawanyika kwa kumi. Sasa mwambie mtoto ataje pengo dogo lolote apendalo, mradi lisiwe sifuri. Hata likiwa dogo namna gani, tutaweza kuandika tarakimu za kutosha hata pengo letu liwe dogo kuliko lake. Hiyo ndiyo maana ya kikomo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifuata hoja hii kwa kalamu na daftari, nayo ni mlango wa uchanganuzi wa namba halisi unaosomwa chuo kikuu.

Kisa hiki chatufundisha kwamba pengo la uelewa halijazibi lenyewe kwa kupanda daraja. Mitihani yaweza kulifunika kwa muda, lakini masomo ya uzamili hulifunua.

Masomo ya Uzamili Yanadai Nini

Katika vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki, masomo ya shahada ya uzamili huchukua takriban mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Sehemu ya kwanza huwa ya mihadhara na mitihani. Sehemu ya pili huwa ya utafiti na uandishi wa tasnifu chini ya msimamizi. Mwanafunzi wa hisabati aghalabu huchagua mojawapo ya njia tatu: hisabati tupu, hisabati ya matumizi, au elimu ya hisabati, yaani uchunguzi wa jinsi somo hili linavyofundishwa na kueleweka. Njia hii ya tatu inamfaa sana mwalimu, lakini haimwondolei wajibu wa kuijua hisabati yenyewe.

Njia zote hutegemea nguzo chache. Kwanza ni kalkulasi na uchanganuzi, zinazosimama juu ya dhana ya kikomo. Pili ni aljebra ya vekta na matriki, inayosimama juu ya milinganyo. Tatu ni aljebra dhahania, inayosimama juu ya hesabu za namba nzima na baki. Na juu ya zote ni ustadi wa kuthibitisha. Twende katika mbili za mwisho, kwa kuwa ndizo zilizo karibu zaidi na darasa la msingi.

Uthibitisho. Mtoto akijumlisha 3 na 5 akapata 8, kisha 7 na 9 akapata 16, ataona kwamba namba witiri mbili zikijumlishwa hutoa namba shufwa. Je, amethibitisha? La, ameona mifano miwili tu. Mpe vizibo vya chupa avipange wawili wawili. Kila namba witiri itaacha kizibo kimoja kisicho na mwenzake. Weka namba witiri mbili pamoja, na vizibo viwili vya upweke vitaungana kuwa jozi. Hakuna kinachobaki, nayo hoja hii haitegemei ukubwa wa namba. Kwa herufi twaandika (2a + 1) + (2b + 1) = 2(a + b + 1). Maandishi hayo na vile vizibo yanasema jambo moja. Mwenye kulizoea jambo hili tangu shule ya msingi hatashtuka chuo kikuu atakapoambiwa "thibitisha" badala ya "tafuta jibu".

Hesabu za baki. Ikiwa sasa ni saa tisa, baada ya saa nane itakuwa saa ngapi? Tunajumlisha 9 na 8, tunapata 17, tunatoa 12, inabaki 5. Basi ni saa tano. Katika saa, 12 hufanya kazi ya sifuri, kwa sababu kuongeza saa kumi na mbili hakubadili mahali pa mshale. Kila namba ina mwenzake wa kuirudisha kwenye 12: mwenzake 5 ni 7, mwenzake 3 ni 9. Tukijumlisha namba zozote mbili za saa tunabaki ndani ya saa, na tukijumlisha tatu, haidhuru tumeanza na jozi ipi. Wanahisabati huuita mfumo wa namna hiyo kundi, na nadharia ya makundi ni sehemu kubwa ya aljebra dhahania. Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliziweka hesabu za baki katika utaratibu madhubuti katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1801. Mwalimu wa darasa la tatu anapofundisha kugawanya kwenye baki amesimama kizingitini mwa elimu hiyo, ajue asijue.

Hatua za Kupanga

1. Taja mwisho wa safari. Andika kwa sentensi moja unataka kusomea nini na kwa nini. "Nataka shahada" si shabaha ya kutosha. "Nataka kuelewa kwa nini watoto huandika 1/2 + 1/3 = 2/5, na jinsi ya kuwasaidia" ni shabaha inayoweza kuzaa hata tasnifu.

2. Panga kwa kurudi nyuma. Anza na somo la mwisho, ujiulize: ili nilielewe hili, nijue nini kwanza? Uchanganuzi wadai kikomo. Kikomo chadai kutoshana na kutotoshana kwa namba. Huko nako kwadai sehemu na desimali. Endelea hivyo hadi ufike mahali unapoweza kusema kwa haki, "Hapa nimesimama imara." Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni darasa la tano. Hakuna aibu katika hilo.

3. Jipime. Chukua mada moja, funga kitabu, uieleze kwa maandishi kana kwamba unamfundisha mwenzako. Mahali utakapokwama ndipo penye pengo. Kipimo hiki ni cha kweli kuliko alama ya mtihani wa zamani.

4. Hesabu wakati. Mwalimu aliye kazini, mwenye masahihisho na familia, akipata saa tano kwa juma amejitahidi. Tuseme kitabu kina kurasa 240, naye husoma kurasa tatu kwa saa, maana hisabati haisomwi kama hadithi. Hizo ni saa 80. Mazoezi yatachukua mara mbili ya hizo, yaani saa 160. Jumla ni saa 240, au majuma 48. Mwaka una majuma 52. Yamebaki manne tu kwa ugonjwa, misiba, kilimo na usimamizi wa mitihani. Ni dhahiri kwamba azimio la vitabu vitatu kwa mwaka litavunjika mapema, na mtu atajilaumu kuwa hana akili, kumbe hakuhesabu. Kitabu kimoja kwa mwaka na robo, kilichosomwa hadi mwisho, kinatosha.

5. Fuata ngazi za elimu. Toka cheti, mwalimu hupitia stashahada na shahada ya kwanza kabla ya uzamili. Wako wanaopata ruhusa ya kwenda chuoni, na wako wanaosoma wakiwa kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliwekwa hasa kwa ajili ya wanaosoma mbali na chuo. Kabla ya kujiandikisha popote, uliza masharti ya kuingia, ada, na utaratibu wa ruhusa kwa mwajiri, upate majibu kwa maandishi.

6. Tafuta mwenzi wa kusoma. Wawili wakikutana kila Jumamosi, mmoja akaeleza ubaoni na mwingine akauliza "kwa nini?", watasonga mbele kuliko wawili wanaosoma kila mtu peke yake.

Mfano wa mpango mzuri wa masomo ya juu unapatikana katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, iliyoanzishwa mwaka 2003 huko Muizenberg, Cape Town, ambayo tangu mwaka 2016 ina kituo pia Kigali, Rwanda. Huko masomo ya uzamili hupangwa kwa vipindi vifupi vya majuma machache. Huanza na stadi za msingi, hufuata mada za juu, na humalizika kwa kazi ya utafiti. Tuangalie utaratibu huo: hata wanafunzi waliokwisha kupata shahada huanza kwa kuimarisha misingi.

Mambo ya Kuepuka

Tusikusanye vyeti tukaacha elimu nyuma. Tusiruke mazoezi kwa kudhani kusoma mfano ni sawa na kuutenda. Na tusiifanye safari yetu iwe hasara ya watoto: mwalimu anayesoma kitabu chake huku darasa likipiga kelele hajijengi, anajibomoa. Kinyume chake, kila tunachojifunza na kirudi darasani juma lile lile, kwa umbo linalomfaa mtoto.

Hitimisho

Yule mwenzetu hatimaye alimaliza masomo yake, na leo ni mkufunzi. Anasema kwamba kilichomuuma si mihula miwili aliyoipoteza, kwa kuwa ile aliilipa. Kinachomuuma ni yule mtoto aliyeketi, kwani hajui kama alipata kuuliza tena. Mpango mzuri wa masomo hautufanyi tujue kila jibu. Lakini unatuwezesha kulitambua swali kubwa linapotoka katika kinywa kidogo, na kusema: "Hilo ni swali zuri. Tulitazame pamoja."

Maswali ya Majadiliano

1. Hesabu siku za juma kuanzia Jumamosi kama 1, na Ijumaa iwe 7, yaani sifuri. Siku ya kumi baada ya Jumatatu ni siku gani? Eleza jinsi utakavyowafundisha watoto wa darasa la nne kuipata bila kuhesabu vidole.

2. Katika saa yenye namba 12, 3 × 4 hutupeleka kwenye sifuri. Je, katika juma lenye siku 7 kuna namba mbili kati ya 1 na 6 ambazo zikizidishwa hufika kwenye Ijumaa? Toa sababu, ukizingatia kwamba 7 ni namba tasa.

3. Chagua mada moja ya muhtasari wa darasa la sita. Ifuate kwa kurudi nyuma hadi darasa la kwanza, ukitaja kila dhana inayotangulia.

4. Andika azimio la kazi la masomo yako mwenyewe kwa miezi sita ijayo, lenye mada, saa, kitabu na namna ya kujipima. Mpe mwenzako alikosoe.