Nyumba na Kiwanja Chake: Ujenzi Unaolinda Afya Dongobesh na Nyanda za Juu za Mbulu

Mwezi wa Julai, mtoto mwenye kikohozi anapoletwa kituo cha afya kwa mara ya tatu tangu baridi ianze, mhudumu humpima, humpa dawa na kumweleza mama namna ya kuitumia. Dawa hufanya kazi yake. Lakini jioni mtoto hurudi katika chumba kilekile: dirisha limezibwa kwa gunia ili upepo usiingie, jiko la mkaa limewekwa katikati ili kupatikane joto, na ndama amefungwa pembeni ili asiibwe. Kila jambo kati ya hayo matatu lina sababu yake njema. Yakikutana, humrudisha mtoto kituoni kwa mara ya nne.

Makala hii inahusu chumba hicho. Hoja yake ni kwamba katika nchi ya baridi kama Dongobesh, familia hulazimika kuchagua kati ya joto na hewa safi pale tu nyumba isipopangwa kufuata kiwanja chake. Nyumba iliyosoma mteremko, upepo, jua na udongo wa mahali ilipo huweza kutoa vyote viwili.

Kwa nini ramani ya mahali pengine haitoshi

Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, watafiti na wasanifu majengo walijenga nyumba za mfano ili kupima namna ujenzi unavyoweza kupunguza maradhi vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Nyumba za ghorofa, zenye kuta nyepesi zinazopitisha upepo na madirisha yenye wavu, zilikuwa na mbu pungufu kwa asilimia 96 zikilinganishwa na nyumba za kawaida za kijijini, na ndani yake palikuwa na ubaridi zaidi. Kwa mkazi wa Tanga, anayeshindwa kulala ndani ya chandarua kwa sababu ya joto, ubaridi huo ni neema.

Dongobesh ni nchi nyingine. Nyanda za juu za Mbulu zimeinuka kwa takribani mita 1,700 hadi zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti ni wa baridi kali. Ukuta unaopitisha upepo, ambao ni tiba kule Magoda, hapa ungemfanya mwenye nyumba azibe kila tundu na kuwasha mkaa ndani. Kinachofaa kuigwa kutoka Magoda ni njia ya kufikiri: kuuliza kwanza maradhi ya mahali ni yapi na hali ya hewa ikoje, ndipo kuchora ukuta.

Busara na dosari za nyumba ya kale

Wairaqw wa zamani waliijua ardhi yao. Nyumba nyingi zilichimbwa kwa sehemu katika ubavu wa kilima, paa lake likifunikwa kwa udongo, hata upande wa nyuma likakaribia kuwa sawa na ardhi. Nyumba ya namna hiyo haikuonekana upesi na wavamizi wa mifugo, na udongo mzito uliokuwa pande zake ulitunza joto usiku kucha. Mifugo iliyolala ndani iliongeza joto na kuwa salama.

Dosari zake nazo zilikuwa kubwa. Moshi haukuwa na njia ya kutoka, mwanga ulikuwa haba, na binadamu walivuta hewa moja na wanyama. Nyumba za bati na matofali ya kuchoma zilizofuata zimeleta mwanga na kuta zinazosafishika, lakini nyingi zimepoteza ile busara ya kwanza. Bati lisilo na dari hupoteza joto mara jua linapotua, na usiku mvuke wa pumzi hugeuka matone yanayodondokea vitanda. Ujenzi mzuri wa leo ni ule unaorudisha joto la nyumba ya kale bila kurudisha moshi wake.

Kusoma kiwanja kabla ya kuchimba msingi

Maji na mteremko. Kiwanja kitazamwe wakati wa mvua kubwa, si wakati wa kiangazi pekee. Maji yanapita wapi? Je, juu ya kiwanja pana korongo, au udongo uliowahi kuporomoka? Swali hili si la kinadharia. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki dunia. Mkondo ulio mkavu miaka mingi bado ni njia ya maji. Hakuna msingi wala simenti inayoifanya njia hiyo kuwa mahali pa kulala watoto.

Mahali panapofaa ni mteremko wa wastani, mbali na mkondo na mbali na ukingo wa korongo. Upande wa juu wa nyumba uchimbwe mtaro wa kukinga maji na kuyapeleka pembeni, pasipo kuyaelekeza kwa jirani.

Udongo. Udongo mweusi wa mabondeni hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi mfupi hupata nyufa, na nyufa huwa makazi ya wadudu. Udongo mwekundu ulio imara na unaopitisha maji ni bora zaidi. Palipo na unyevu, msingi uinuliwe, na karatasi ya nailoni iwekwe juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza la ukuta ili unyevu usipande.

Upepo. Miti iliyosimama peke yake uwandani huinamia upande upepo unakokwenda. Moshi wa jioni nao huonyesha jambo hilohilo. Katika sehemu kubwa ya nyanda hizi upepo wa msimu wa baridi hutoka mashariki na kusini-mashariki, lakini kilima au bonde huweza kuugeuza. Kwa hiyo kila kiwanja kichunguzwe chenyewe.

Jua. Dongobesh iko takribani nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Mwezi Desemba jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Mwezi Juni, wakati joto linahitajika zaidi, huwa upande wa kaskazini, takribani nyuzi 27 kutoka utosini. Maana yake ni rahisi: dirisha la kaskazini na la kaskazini-mashariki hupata jua katika miezi ya baridi, ilhali la kusini halipati.

Kupanga vyumba: jua, hewa na moto

Mambo hayo yakijulikana, ramani huanza kujichora yenyewe. Vyumba vya kulala na sebule vielekee kaskazini. Stoo ya vyombo na chumba cha kuogea vikae upande upepo unakotoka, viwe ngao. Ukuta wa magharibi ukiwa mnene, wa tofali au udongo, hupokea jua la alasiri na kuliachia joto lake ndani polepole usiku. Madirisha makubwa yawe upande wa jua, na upande wa upepo yawe madogo. Upenu wa kaskazini usiwe mrefu kiasi cha kuzuia jua la Juni.

Chini ya bati iwekwe dari. Hata dari ya mbao nyembamba au ya matete yaliyosukwa na kusiribwa huzuia joto kupotea na matone kudondoka. Nyumba yenye dari haihitaji jiko la mkaa chumbani, na hapo ndipo dari inapokuwa kinga ya afya.

Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta husikia kichwa kuuma na usingizi mzito, na huweza kufa bila kuamka. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani hata kama makaa yanaonekana kufifia. Moshi wa kuni nao una gharama yake: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Kwa hiyo jiko lijengwe kando ya nyumba, upande upepo unakokwenda, likiwa na dohani inayopita juu ya paa.

Hewa ya kupumua haiwezi kutegemea dirisha peke yake, kwa maana usiku wa baridi dirisha litafungwa. Katika kila chumba cha kulala yaachwe matundu madogo ya kudumu, juu ya ukuta karibu na dari, pande mbili zinazotazamana, yakiwa na wavu wa mbu. Baridi ya Mbulu hupunguza kuzaliana kwa mbu, haiwaondoi. Mchana madirisha yafunguliwe ili hewa ibadilike na jua liingie. Jambo hili lina uzito zaidi palipo na mgonjwa wa kifua kikuu, kwa sababu vimelea vyake husambaa kwa hewa na hudumu katika chumba chenye giza kisichopitisha upepo.

Mifugo, nafaka na maji

Mfugaji anayelaza ndama ndani haogopi baridi tu, bali pia wezi na fisi. Kumwambia atoe wanyama bila kumpa ulinzi ni kumpa ushauri asioweza kuufuata. Suluhisho ni banda imara lenye mlango unaoonekana kutoka dirisha la chumba cha wazazi, likiwa na ukuta wake lenyewe, upande wa chini wa mteremko. Iwapo upepo na mteremko vinapingana, mteremko upewe uzito, kwa kuwa mkojo na samadi hufuata maji. Kutenganisha wanyama na watu hupunguza nafasi ya kuambukizwa kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, ambao kwa binadamu huleta homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo.

Mahindi nayo yatoke chumbani. Nafaka huvuta panya, na panya huleta viroboto. Wilaya ya Mbulu ilipatwa na mlipuko wa tauni mwaka 2007, na tauni hubebwa na viroboto wa panya. Ghala liwe nje, juu ya nguzo zenye kimo cha mita moja, kila nguzo ikivishwa kofia ya bati ili panya asipande. Ndani ya nyumba, nyufa za kuta na sakafu zisiribwe: humo ndimo hujificha papasi, wanaotoka usiku kuuma na kueneza homa ya papasi, ambayo huondoka na kurudi na ni hatari hasa kwa wajawazito na watoto.

Paa la bati ni pia chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja; hivyo mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 40 ni lita 400 kabla ya kupotea kidogo. Katika maeneo ya Bonde la Ufa faida hii ni ya pekee, kwa sababu baadhi ya visima vyake vina madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi nyingi huharibu meno ya watoto na baadaye mifupa, na kuchemsha maji hakuiondoi. Maji ya mvua kwa kawaida hayana floraidi. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe. Choo kiwe upande wa chini wa kisima, umbali usiopungua mita 30.

Kukarabati nyumba iliyopo

Si kila familia inayoweza kujenga upya, wala haihitajiki. Ukarabati uende kwa hatua, ukianza na ule usio na gharama:

1. Leo: jiko la mkaa litoke chumbani, madirisha yafunguliwe mchana, watoto wahamishiwe chumba kinachopata jua, mahindi yatengwe na vitanda.
2. Kabla ya mvua: mtaro uchimbwe upande wa juu, nyufa zisiribwe, matundu ya hewa yatobolewe na kuwekewa wavu.
3. Baada ya mavuno: jiko la nje lenye dohani, banda la mifugo, ghala la nguzo, na dari, kwanza katika chumba cha watoto.
4. Fedha ikipatikana: sakafu ya simenti, dirisha jipya upande wa kaskazini, mifereji ya paa na tangi.

Nyumba iliyo katika njia ya maji au chini ya mteremko unaoporomoka haifuati orodha hii. Hiyo ni ya kuhamwa, na shauri lake lipelekwe mapema kwa serikali ya kijiji.

Maswali matano kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa anaporudi na maradhi yaleyale, maswali haya huchukua dakika chache:

1. Mnapika wapi, na moshi unatokea wapi?
2. Usiku wa baridi mnapata joto kwa njia gani?
3. Nani hulala chumba kimoja na mgonjwa, na je, wamo wanyama?
4. Mahindi yanahifadhiwa wapi?
5. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi?

Majibu yaandikwe katika kadi ya mgonjwa pamoja na vipimo vyake. Ushauri utolewe juu ya jambo moja tu ambalo familia inaweza kulitenda kabla ya ziara ijayo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii alifuatilie nyumbani. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa mtoto wa kikohozi cha Julai, uchunguzi haujakamilika mpaka mtu ameingia ndani ya chumba anacholala.