Kopo la Madini Likifika Nyumbani
Kijitabu cha kaya kwa wakazi wa Mpemba na jirani zake

Goti la Mpemba halipumziki. Asubuhi limeinama kwenye mahindi, mchana linapanda na gunia la mtu kwenye lori, na la dereva anayesubiri zamu yake mizanini limekunjwa chini ya usukani tangu Dar es Salaam. Ndiyo maana akipita mtu na kopo lenye picha ya mifupa inayong'aa, akasema ute wa magoti umekauka na mwili umepungukiwa madini, anapata wa kumsikiliza.

Wengine huja na kimashine. Unashika chuma kiganjani, dakika moja tu, kisha unaambiwa kalsiamu iko chini, zinki iko chini, magnesiamu iko chini. Kimashine cha kushika kiganjani hakiwezi kujua una madini kiasi gani mwilini. Hilo hutafutwa maabara, kwa damu au mkojo, tena kwa agizo la mtabibu mwenye sababu ya kutafuta. Nasi hatujasikia bado kimashine kilichomwambia mtu, "Baba, wewe uko sawa, nenda kalime."

Mfupa na gegedu ni vitu viwili

Maumivu mengi ya magoti ya watu wazima hutokana na kuchakaa kwa gegedu, lile tabaka imara na telezi linalofunika ncha za mifupa ili isisagane. Kalsiamu hujenga mfupa, haijengi gegedu. Kumpa mwenye goti lililosagika kalsiamu peke yake ni kama kuongeza saruji ukutani wakati kilicholegea ni bawaba ya mlango. Mzee ambaye mifupa yake imekuwa myepesi na inavunjika kirahisi anaweza kuihitaji kweli, lakini huyo ana tatizo jingine, na daktari ndiye wa kulitofautisha.

Makopo mengi huchanganya madini na glukosamini na kondroitini, vinavyouzwa kwa madai ya kujenga gegedu. Mwaka 2006 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,583 wa magoti. Waliomeza mchanganyiko wa hivyo viwili, kwa ujumla wao, hawakupata nafuu iliyowazidi kwa uhakika waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani.

Na bangili ya shaba? Shaba ya Zambia na Kongo inapita hapa kwa tani kila siku, na wapo wanaoamini kuwa ikikaa mkononi inavuta maumivu. Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kiliijaribu kwa wagonjwa 70 wa baridi yabisi, matokeo yakatoka 2013: maumivu yalibaki vilevile. Ukiipenda kama pambo, ivae. Bangili haina ugomvi na figo. Kidonge ndicho kinachoweza kuwa nao.

Madini yakizidi

Mtu mzima anahitaji kalsiamu miligramu 1,000 hivi kwa siku, na mwenye umri mkubwa, kidogo zaidi ya hapo. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za majani vinachangia sehemu nzuri. Jumla ya chakula na vidonge isipite 2,500 kwa siku, na kwa aliyevuka miaka 50 isipite 2,000. Ikizidi, choo kinakuwa kigumu, tumbo linajaa gesi, na mawe kwenye figo yanaweza kuanza. Dereva anayekwepa kunywa maji ili asisimame njiani kujisaidia yuko karibu zaidi na mawe hayo.

Magnesiamu ya vidonge ikipita miligramu 350 kwa siku inaweza kuleta kuhara. Kwa mwenye figo dhaifu mambo ni mazito zaidi, maana haitoki. Inarundikana, inalegeza misuli na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Zinki ikipita miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu huzuia mwili kupata shaba unayoihitaji kutengeneza damu, na mtu akaishia na upungufu wa damu aliojinunulia mwenyewe. Seleniamu iliwatia adabu Wamarekani mwaka 2008: kirutubisho cha maji kilitengenezwa kimakosa kikiwa na kiasi cha mara 200 ya kilichoandikwa kwenye chupa. Watu 201 waliugua. Walikatika nywele, kucha zikaharibika, na viungo vikauma.

Chuma tukizungumze polepole, kwa sababu kiko katika nyumba nyingi. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya chuma vya FEFO kliniki aendelee navyo. Hivyo vina sababu na kipimo. Tatizo ni baba au babu anayeongeza chuma "cha kuimarisha viungo" bila damu yake kupimwa. Chuma mwilini hakina mlango wa kutokea. Kikizidi hukaa kwenye ini, kwenye moyo, na ndani ya viungo vyenyewe, mpaka vidole vinauma na kukakamaa. Kusini mwa Afrika madaktari wamelijua hilo kwa miaka mingi kutokana na pombe ya kienyeji inayochachushwa kwenye mapipa ya chuma, kwani chuma huyeyuka kidogo kidogo na wanywaji hujaza ini. Kwa mtoto hali ni ya haraka zaidi. Vidonge vya chuma vina rangi na utamu wa nje kama peremende, na vichache tu vyaweza kumuua mtoto mdogo. Akivimeza, usimtapishe wala usisubiri aanze kutapika. Mkimbize kituoni na kopo lako mkononi.

Kuna jingine ambalo wengi hawalihesabu kuwa dawa: magadi. Yana floraidi, na baadhi yake yana nyingi mno. Mikoa ya kaskazini, hasa Arusha, inajua vizuri floraidi inavyofanya. Huanza na meno ya kahawia, na ikizidi miaka mingi mifupa hukakamaa na viungo hugoma kukunjika. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva bila magadi.

Nani mwenzake ndani ya tumbo

Hapa ndipo kopo la madini linapofanya madhara bila kelele. Kalsiamu, chuma, magnesiamu na zinki hushikana na dawa nyingine tumboni, dawa ikapita bila kuingia kwenye damu.

Anayetumia TLD, dawa ya VVU, asome sehemu hii mara mbili. Ndani ya TLD kuna dolutegravia, na madini haya huizuia. Meza TLD saa 2 kabla ya kidonge cha madini, au subiri saa 6 baada yake. (Ni saa za kusubiri, si saa 2 asubuhi.) Kalsiamu au chuma vinaweza kumezwa pamoja na TLD ikiwa ni wakati wa mlo kamili, lakini magnesiamu, pamoja na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, zitengwe daima. Mtu anaweza kumeza TLD kwa uaminifu kila siku, virusi vikapanda, asijue kuwa kisa ni kopo la magoti.

Antibiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini huzuiwa vivyo hivyo. Dawa ya tezi ya shingo hutaka nafasi ya saa 4. Vidonge vya kuchemka kwenye glasi vina sodiamu nyingi, havimfai mwenye presha. Na anayetumia dawa za presha kama enalaprili, losatani au spironolaktoni asiongeze potasiamu bila kuambiwa.

Kopo linalotuliza haraka mno

Gegedu haiwezi kupona kwa siku 3. Kopo la "madini asilia" likimtuliza bibi ndani ya siku 3, uliza kimewekwa nini ndani. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, kirutubisho cha viungo kilichokutwa na deksamethasoni na dikilofenaki zisizoandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni hupandisha sukari na presha, hunenepesha uso ukawa duara na kudhoofisha kinga. Dikilofenaki huchubua tumbo na kuumiza figo.

Anayegundua amekuwa akitumia kitu cha namna hiyo kwa wiki kadhaa asiache ghafla peke yake. Mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake, na kuacha kwa mkupuo kunaweza kumwangusha. Aende kituoni, apunguziwe kwa mpangilio.

Sisi tuko mpakani, na bidhaa zinavuka kutoka Nakonde, Zambia, mchana na usiku. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kwisha wala kiasi cha kila madini kwa miligramu, lirudishe. Lenye maandishi ya lugha ambayo hata muuzaji haisomi, lirudishe pia. Duka la dawa muhimu lenye kibali lina mtu utakayemkuta kesho palepale. Anayeuza ndani ya basi utamkuta wapi?

Usisubiri kopo liishe

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto, pamoja na homa, ni cha kwenda kituoni leo hii. Vivyo hivyo mtoto anayechechemea bila kuanguka, kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku, au mkakamao wa asubuhi wa vidole vya mikono yote miwili unaopita nusu saa. Hayo ni magonjwa yenye majina na tiba, na kila wiki ya kujaribu makopo ni wiki ambayo kiungo kinaliwa.

Kwa goti lililochakaa tu, kinachosaidia zaidi ni cha bei ndogo: kupunguza uzito kwa aliyezidi, na kuimarisha misuli ya paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja, ushike juu ukihesabu hadi 10, ushushe. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Na gunia la kubeba mabegani ligawanywe mara mbili.

Siku ya kwenda zahanati, chukua mfuko mmoja utie kila kitu kinachomezwa nyumbani: vidonge vya kliniki, makopo, unga wa mizizi, chupa isiyo na jina. Usifiche ulichonunua kwa shemeji. Mhudumu anataka kujua unameza kipi, saa ngapi, na tangu lini. Kama kuna kilichokudhuru, mwombe ajaze fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kopo mwachie alione.