Jina Lako na Imani Yako: Funzo kutoka Bulgaria



Ndugu zangu katika imani, humu chuoni wapo wenzetu wanaoitwa Zakaria lakini hujitambulisha kwa jina la Zack, na Idrisa akawa Eddy. Ukiwauliza, watakuambia ni kurahisisha tu. Kabla ya kuwahukumu, tuangalie yaliyowapata Waislamu wa Bulgaria, kusini mashariki mwa Ulaya.

Yaliyotokea

Uislamu ulienea Bulgaria chini ya Dola ya Uthmaniya, iliyotawala huko karibu karne tano hadi 1878. Waislamu wa nchi hiyo wengi ni Waturuki, pamoja na Waroma na Wapomaki, ambao lugha yao ni Kibulgaria. Katikati ya mji mkuu, Sofia, ungalipo msikiti wa Banya Bashi wa karne ya 16.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya kikomunisti ya Todor Zhivkov iliwalazimisha Wapomaki kuacha majina yao ya Kiislamu. Majira ya baridi ya 1984 na 1985 ikawa zamu ya Waturuki, zaidi ya watu 800,000. Askari walizingira vijiji, na watu wakapewa vitambulisho vyenye majina ya Kibulgaria. Kuzungumza Kituruki hadharani na kutahiri watoto vikapigwa marufuku. Hata marehemu walibadilishiwa majina katika kumbukumbu za serikali. Waliopinga, baadhi waliuawa, wengine wakafungwa katika kambi ya Belene, kwenye kisiwa cha mto Danube. Serikali ikatangaza kuwa watu wamebadili kwa hiari yao.

Mnyanyua vyuma Naim Suleimanov aliandikwa Naum Shalamanov. Mwaka 1986, akiwa kwenye mashindano Melbourne, alitoroka na kwenda Uturuki. Mwaka 1988 alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul akiwa Naim Süleymanoğlu.

Mei 1989 Waislamu waliandamana. Mpaka ukafunguliwa, na katika miezi michache watu wapatao 360,000 wakahamia Uturuki. Zhivkov akaanguka Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1990 sheria ikawaruhusu watu kurudisha majina yao. Mwaka 2012 bunge la Bulgaria lililaani rasmi kitendo kile.

Tunajifunza nini?

Kwanza, aliyelazimishwa halaumiwi. Ammar bin Yasir (r.a.) aliteswa na washirikina wa Makka hadi akatamka neno la kufuru. Surat An-Nahl, aya ya 106, inamtoa hatiani aliyelazimishwa huku moyo wake umetulia juu ya imani. Basi asitokee mtu kusema waliopokea vitambulisho vile walikuwa na imani dhaifu.

Pili, tusivuke mpaka upande wa pili. Jina si lazima liwe la Kiarabu. Mtume (s.a.w.) alibadilisha majina yenye maana mbaya, kama la mwanamke aliyeitwa kwa neno lenye maana ya "muasi", akamwita Jamila. Majina mengine aliyaacha. Kwa hiyo ndugu aliyesilimu na jina la ukoo wake lenye maana njema asisumbuliwe.

Tatu, jina ni heshima ya mtu. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Yule asiyeweza kutamka jina la mwenzake ajifunze, asimbatize jingine kwa mzaha.

Tumrudie sasa Zack wetu. Kufupisha jina peke yake si dhambi. Lakini ajiulize kwa siri: ninafupisha kwa wepesi, au ninaona haya kujulikana kuwa Muislamu? Wenzake wa Bulgaria walinyang'anywa majina kwa bunduki, wakayadai mpaka wakayapata. Yeye hakuna aliyemshikia bunduki.

Na sisi tusimcheke. Tuanze kwa kumwita Zakaria, vizuri na kwa upendo.

Wabillahi tawfiq.