Pikipiki ya Umeme: Betri ni ya Nani?

Kijana mmoja wa bodaboda hapa Mji wa Kale alinijia na karatasi za mkopo wa pikipiki ya umeme. "Mama, nitie sahihi?"

Tukapiga hesabu. Septemba 2023 lita ya petroli Mombasa ilipita shilingi 200. Mwaka huo huo iliwekwa bei maalum ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, usiku 8, kabla ya kodi na ada. Betri ya pikipiki hula uniti mbili tatu tu. Faida ipo.

Lakini bei hiyo ina mita yake, si tokeni za nyumbani. Na sisi twakaa ghorofani, vichochoro vyembamba. Gari utalichaji wapi, waya upite dirishani? Gari la umeme ni la mwenye ua. Kwetu yafaa pikipiki ya kubadilisha betri kituoni: waacha iliyokwisha, wachukua iliyojaa. Ila hapo walipa bei ya kampuni, na betri mara nyingi ni yao.

Nikamwambia asitie sahihi kwanza. Akaulize: betri ni ya nani? Bei ikipanda? Nikikosa malipo wiki moja, betri yafungwa? Kituo kikihama, je? Alhamisi ataniletea majibu.