Kuupima Msitu Mara ya Pili

Msitu ukitazamwa kwa macho huonekana kana kwamba haubadiliki. Je, twawezaje kuyatambua mabadiliko yake? Njia ni moja: kuirudia miti ile ile na kuipima tena kwa utaratibu ule ule.

Mwaka 1980 wataalamu Stephen Hubbell na Robin Foster walianza kazi hiyo katika kisiwa cha Barro Colorado, nchini Panama. Zilitengwa hekta 50. Kila mti wenye kipenyo cha sentimeta 1 au zaidi ulipewa namba, ukatambuliwa aina yake, kisha ukapimwa kwenye kimo cha meta 1.3 kutoka ardhini. Hesabu ya kwanza, iliyokamilika 1982, ilionyesha miti zaidi ya 200,000 ya aina zipatazo 300. Tangu 1985, kwa kawaida hesabu hurudiwa kila baada ya miaka 5.

Kwa nini kila mti upewe namba? Tuchukue mfano. Ikiwa katika miti 1,000 hufa 2 kwa mia kila mwaka, baada ya miaka 5 itakuwa imekufa ipatayo 96. Iwapo michanga 96 imekua ikachukua nafasi hizo, jumla itabaki 1,000, na mwenye kuhesabu jumla peke yake atasema msitu haukubadilika. Kumbe huenda aina zilizokufa sizo zilizoota! Huko Barro Colorado, ukame mkali wa 1983 uliongeza vifo vya miti, na baadhi ya aina zipendazo unyevu zikapungua sana.

Utaratibu huo ulifuatwa pia Pasoh, Malaysia, na katika msitu wa Ituri, Kongo. Ituri kuna vipande 4 vya hekta 10: viwili vimetawaliwa na mti wa mbau, viwili vina miti mchanganyiko. Kwa kuwa kipimo ni kimoja, misitu ya mabara mbalimbali yaweza kulinganishwa.

Zoezi: Chagueni miti 20 karibu na shule. Fungeni kila mmoja kibati chenye namba kwa uzi uliolegea. Pimeni mzingo wa shina kwenye meta 1.3, mgawanye kwa 3.14 kupata kipenyo. Andikeni aina, kipimo na tarehe, kisha daftari likabidhiwe kidato kitakachofuata. Bila kipimo cha leo, cha kesho hakitakuwa na cha kulinganishwa nacho.