Arifa za Simu Kwenye Kompyuta: Nani Mwingine Anaona Ujumbe Wako wa Pesa?

Mara nyingi huwa tunazungumzia simu, kwa sababu pesa yako iko huko. Lakini wengi wetu tunashinda mbele ya kompyuta: kwenye kaunta ya duka, ofisini, saiba, au nyumbani ambapo familia nzima inatumia laptopu moja. Na ujumbe wa pesa umeanza kutufuata huko. Unaandika barua, mara kisanduku kidogo kinajitokeza pembeni mwa skrini: umepokea pesa, nambari yako ya uthibitisho ni hii, akaunti yako ina tatizo, bonyeza hapa.

Visanduku hivyo ndivyo tunaita arifa. Leo tutajifunza zinatoka wapi, zipi uache, zipi uzime, na kwa nini hupaswi kutoa mzigo wala pesa kwa sababu ya arifa peke yake.

Kwanza, mfano wa kaunta

Tuseme kuna mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nakuru. Ameunganisha simu yake na kompyuta ya kaunta ili aone malipo yakiingia bila kutoa simu kwa mkoba kila saa. Wazo zuri, na linaokoa muda. Siku moja anaingia stoo kupima nondo, simu iko naye, kompyuta ameiacha wazi. Mtu aliyesimama pale kaunta anaomba kubadilisha nywila ya barua pepe ya mama huyo kwa kutumia simu yake mwenyewe. Nambari ya uthibitisho inatumwa kwa SMS. Inafika kwenye simu iliyo stoo, lakini pia inajitokeza kwenye skrini ya kaunta, tarakimu zote sita. Huyo mtu hajagusa simu ya mama wala hajui PIN yake. Amesoma tu.

Siku nyingine, mteja anachukua mifuko minane ya saruji. SMS inaingia, na kwenye skrini kijana wa kaunta anaona maneno "umepokea" na kiasi cha pesa. Anamwambia mteja asante, mzigo unapakiwa. Jioni wakifunga hesabu, pesa haipo. Ule ujumbe ulitumwa na nambari ya kawaida ya simu, ukaandikwa ufanane na ujumbe wa malipo. Kijana alisoma kiasi, hakuangalia aliyetuma.

Katika visa vyote viwili simu haikuibiwa na PIN haikuvuja. Kilichofanya kazi ni arifa. Kwa hivyo shika neno hili: arifa ni hodi tu. Ukisikia hodi, unauliza kwanza ni nani kabla ya kufungua mlango.

Arifa hizi zinatoka wapi?

Kuna njia tatu kubwa, na kila moja inazimwa mahali pake. Ndiyo sababu watu wengi huzima moja wakashangaa mbona visanduku bado vinakuja.

Njia ya kwanza ni programu zilizo ndani ya kompyuta yenyewe, kama barua pepe na kalenda.

Njia ya pili ni simu yako iliyounganishwa na kompyuta. Inaweza kuwa kupitia Phone Link ya Windows, kupitia Google Messages iliyofunguliwa kwenye kompyuta, au WhatsApp.

Njia ya tatu ni tovuti. Uliwahi kufungua ukurasa fulani, ukaulizwa kama unaruhusu arifa, ukabonyeza "Allow" ili tu uendelee kusoma. Tangu siku hiyo tovuti hiyo inaweza kukutumia ujumbe hata kama hujaifungua tena. Matapeli wanaipenda sana njia hii. Utaona ukurasa umeandikwa bonyeza "Allow" kuthibitisha wewe si roboti. Huo ni mtego. Kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu hakuhitaji ruhusa ya arifa hata kidogo.

Hatua ya 1: Zima ruhusa za tovuti

Anza hapa, kwa sababu huku ndiko uchafu mwingi hutoka. Kama unatumia Chrome, bonyeza vile vidoti vitatu juu kulia, ingia "Settings", kisha "Privacy and security", halafu "Site settings", halafu "Notifications". Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Isome polepole. Wengi hukuta majina wasiyoyakumbuka kabisa. Kwa kila usiyoijua, bonyeza vidoti vitatu vilivyo kando yake na uchague "Block". Hapo hapo juu unaweza kuchagua kwamba tovuti zisiruhusiwe kutuma arifa kabisa. Kwa kompyuta ya kaunta, tunakushauri uchague hivyo.

Kwa Firefox, ingia "Settings", "Privacy & Security", shuka hadi sehemu ya ruhusa, utaona "Notifications". Kwa Edge, ingia "Settings" na uandike neno "notifications" kwenye kisanduku cha kutafuta, itakupeleka.

Ukipata arifa inayosema kompyuta yako ina virusi au akaunti yako ya pesa imefungwa, usiibonyeze hata kama unataka tu kuona ni nini. Soma anwani ya tovuti iliyoandikwa kwenye arifa yenyewe, kisha nenda ukaifungie kwenye orodha hiyo.

Hatua ya 2: Ficha arifa kwenye skrini iliyofungwa

Watu wengi hudhani wakifunga kompyuta kwa nywila, basi hakuna kinachoonekana. Si lazima iwe hivyo. Arifa zinaweza kuendelea kujitokeza juu ya skrini iliyofungwa, na mpita njia akazisoma.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I. Ingia "System", kisha "Notifications". Tafuta maneno "Show notifications on the lock screen" na uondoe alama. Kwenye Windows 11, huenda ukahitaji kubonyeza mshale ulio kando ya neno "Notifications" juu kabisa ndipo uyaone.

Ukishuka chini kwenye ukurasa huo huo, utapata orodha ya programu zote zinazotuma arifa, kila moja na swichi yake. Si lazima uzime zote. Jiulize swali moja tu kwa kila programu: hii ikinyamaza leo, nitapoteza nini? Kama jibu ni "hakuna", izime.

Kwa wenye Mac, fungua "System Settings", kisha "Notifications". Pale penye "Show Previews", chagua "When Unlocked" au "Never". Ukichagua "Never", utajua tu kwamba ujumbe umeingia, lakini maneno yake hayataonekana mpaka uufungue.

Hatua ya 3: Kagua kiungo cha simu na kompyuta

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, kwa hivyo tulieleze taratibu. Kuzima arifa si sawa na kukata kiungo. Ukizima arifa za Phone Link, kisanduku hakitajitokeza tena, lakini SMS zako bado ziko ndani ya programu hiyo, na mtu akiifungua atazisoma. Ni kama kupunguza sauti ya redio: haisikiki, lakini haijazimwa.

Kwa kompyuta unayotumia peke yako, kuzima arifa kunatosha. Kwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kata kiungo kabisa. Fanya hivyo ukiwa kwenye simu yako, kwa sababu simu ndiyo iko mikononi mwako:

Kwa WhatsApp, fungua menyu, ingia "Linked devices", utaona kila kompyuta iliyounganishwa. Usiyoitambua, iguse na uchague "Log out".

Kwa Google Messages, gusa picha yako juu, ingia "Device pairing", na uondoe kompyuta usizozitumia.

Kwa Phone Link, fungua programu ya "Link to Windows" kwenye simu na uondoe kompyuta hiyo.

Kama uliwahi kufungua WhatsApp yako saiba ili uchapishe hati na hukumbuki kama ulitoka, usirudi saiba. Toa simu sasa hivi, ingia "Linked devices" na uangalie. Ni kazi ya dakika moja.

Duka litaendeleaje kuona malipo?

Tunajua mtauliza: sasa nikikata kiungo, kijana wangu wa kaunta atajuaje kama mteja amelipa? Swali ni halali, na hatutaki urudi kukimbia na simu huku na huku.

Jibu letu ni kwamba malipo ya biashara yawe na laini yake na simu yake, inayokaa kaunta, isiyopokea SMS zako za benki wala za barua pepe. Hata akiiona mtu, ataona malipo ya duka tu. Na kama ni lazima laini hiyo iunganishwe na kompyuta, hakuna nambari za siri zitakazojitokeza huko.

Pili, wafundishe wanaokusaidia kuthibitisha kwa mpangilio huu kabla mzigo haujatoka:

Moja, nani ametuma? Ujumbe wa malipo wa kweli huja kwa jina la huduma, si kwa nambari ya kawaida ya simu. Kisanduku kidogo kwenye kompyuta wakati mwingine hukata maneno, kwa hivyo fungua ujumbe wenyewe.

Mbili, salio limepanda? Hili ndilo la mwisho na ndilo kubwa. Angalia salio au orodha ya malipo kwenye menyu ya simu au kwenye programu ya biashara. Kama pesa haiko hapo, haijafika, hata mteja akionyesha ujumbe wake mara kumi. Mwambie kwa heshima, "Ngoja kidogo, mkubwa, bado haijaonekana kwetu." Mteja mwaminifu ataelewa. Mwenye haraka isiyo ya kawaida ndiye wa kuangaliwa.

PIN ni ya simu tu

Kuna jambo moja halibadiliki. Ukilipa kitu mtandaoni ukiwa kwenye kompyuta, unaandika nambari yako ya simu kwenye ukurasa, kisha ombi la PIN linakuja kwenye simu yako. Unaingiza PIN kwenye simu. Arifa au ukurasa wowote wa kompyuta unaokuomba uandike PIN yako ya pesa hapo hapo ni wa wakora, hata ukiwa na rangi zetu na nembo yetu. Ufunge. Na ombi la PIN likija kwenye simu wakati hukuwa unalipa chochote, likatae.

Zoezi la leo

Usiahirishe hadi kesho. Fanya jaribio hili na kompyuta unayotumia zaidi. Ifunge skrini, kisha mwombe mtu wa nyumbani au mwenzako akutumie SMS yenye maneno "nambari yako ni 123456". Simama mahali mteja au mgeni husimama. Je, unaisoma? Kama unaisoma, na mwingine anaisoma. Rudi hatua ya 2 na ya 3.

Kisha ufungue skrini, ujaribu tena. Safari hii uangalie kama tarakimu zote zinajitokeza au ni taarifa tu kwamba ujumbe umeingia.

Kama unahisi kuna mtu tayari amesoma nambari yako ya uthibitisho, fanya mambo matatu kwa mfuatano: kata viungo vyote kwenye simu, badilisha PIN yako na nywila ya barua pepe, halafu upigie huduma kwa wateja kwa nambari iliyo kwenye laini au risiti yako, si nambari iliyokuja ndani ya arifa. Ukipiga mapema, nafasi ya kusaidika ni kubwa zaidi.

Mwonyeshe pia anayekaa kaunta na anayetumia laptopu hiyo nyumbani. Ukijua peke yako, mlango bado uko wazi upande wao. Tukutane kwenye somo lijalo.